Binti yangu (miaka 6) anacheza mchezo wa kulala akisubiri kuamshwa. Hizi katuni za mabinti wafalme nizifute au niziache?

Mama_Wawili

Habarini za jioni wadau. Naombeni mawazo hasa nyie wenye watoto wa kike, maana hili jambo limenikaa kichwani wiki nzima na baba yao nikimwambia anasema ni michezo tu ya watoto.

Nina binti wa miaka sita na mdogo wake wa kiume ana minne. Jumamosi nilikuwa nafua uani nikawa nasikia sauti za wavulana tu ndani, ya binti siisikii, na yule kwa kawaida ndo mwenye kelele kuliko wote. Naingia sebuleni namkuta kalala chali kwenye mkeka, mikono kaiweka kifuani, kajifunika kanga yangu mpaka kiunoni, macho kafumba. Binamu yake wa miaka saba na mdogo wake wanazunguka na vijiti vya fagio wanaua joka. Nikajua mtoto anaumwa. Nikamwuliza we vipi, akafungua jicho moja akanambia mama usiniamshe, anayeniamsha ni yeye akimaliza kuua joka. Basi nikarudi kufua. Nimemaliza beseni zima nimeanika, narudi bado kalala palepale, na wale wenzake walishasahau zamani wako nje juu ya mwembe.

Shangazi yake alimletea flashi imejaa hizi katuni, Snow White, Cinderella, Sleeping Beauty, ile ya nguva na zingine, zile zilizotafsiriwa na dijei. Nilikuwa naziwasha nikipika, sikuwahi kukaa kuangalia. Usiku huo nikakaa nikaangalia Sleeping Beauty yote. Jamani! Mtoto anazaliwa, wale vibibi watatu wenye uchawi mzuri wanakuja kumpa zawadi, wa kwanza anampa uzuri, wa pili anampa sauti ya kuimba, wa tatu ilibidi atumie zawadi yake kupunguza laana ya mchawi kwamba atajichoma kidole afe, ikawa atalala tu mpaka abusiwe. Hakuna aliyempa akili wala ushujaa. Alafu akishajichoma kile kidole hasemi tena neno hata moja mpaka muvi inaisha, nilirudisha nyuma kuhakikisha. Muvi ya kwake, yeye ndo mwenye jina, na hasemi.

Kilichoniuma zaidi ni jana usiku namsuka, kaniuliza, mama, mimi na nywele hizi nani ataniamsha. Nilikosa la kumjibu nikaendelea kusuka.

Nifute ile flashi au nafanya mambo makubwa kuliko yalivyo? Naombeni ushauri wa kweli.

BabaMabinti

Dada pole, ila mi naomba usifute. Nina mabinti watatu wote waliangalia hizo hizo tangu enzi za kanda mpaka CD, mkubwa sasa yuko mwaka wa pili anasomea uhandisi, wa pili anafanya biashara yake. Hakuna aliyelala kumsubiri mtu. Na sisi wenyewe tumekulia hadithi za bibi, sultani anatoa binti yake kwa atakayeua zimwi, huyo binti hata hajaulizwa, mbona mama zetu walitoka humo wakawa wanawake wa shoka kweli kweli. Mtoto anajifunza kwa anachokiona nyumbani, akikuona wewe unafanya kazi unaamua mambo ndo atakachoshika. Katuni ya saa moja na nusu haimshindi mama.

Hilo la nywele ndo limenigusa. Hapo usikae kimya, mjibu leo leo.

mwl_wa_awali

Mimi nafundisha darasa la awali mwaka wa kumi na moja huu, na namheshimu kaka hapo juu ila naomba nimpe ninachokiona mimi kila siku wakati wa mapumziko. Watoto wakiigiza hizi hadithi, mvulana akipewa umwana mfalme haulizi kitu, anatafuta kijiti anaondoka mbio. Msichana akipewa ubinti mfalme anasimama anauliza wenzake, "sasa mimi nafanya nini?" Nimelisikia hilo swali mara nyingi mno, na wenzake hawana jibu kwa sababu kwenye katuni kweli hakuna anachofanya, anaimba, anafanya usafi na ndege, anakimbia, anaanguka, analala. Kwahiyo wanamwambia kaa hapo, naye anakaa. Ndicho alichofanya binti yako, mama. Kashika sehemu yake vizuri kabisa.

Nilichogundua pia ni kwamba wale wasichana wachangamfu, wanaopenda kukimbia na kuongea, hawautaki ubinti mfalme. Wanagombania uchawi. Yule mwanamke mbaya ndiye mwenye mambo ya kufanya, anapanga, anatengeneza dawa, anacheka kwa sauti, anageuka joka. Kwahiyo mtoto anabaki na njia mbili tu, uwe mzuri unyamaze au uwe na nguvu uwe mbaya. Hapo ndo penye shida kwangu mimi, kuliko hata magauni.

Usifute. Kaa naye, simamisha katikati, muulize maswali. Ukifuta atakwenda kuangalia kwa jirani bila wewe.

Bi_Mkwajuni

Nimesoma huu uzi mara mbili na nimeona niseme langu maana hakuna aliyeligusa. Mimi ni mama wa kambo.

Niliingia kwenye nyumba ile mtoto ana miaka saba, mama yake alishafariki miaka miwili nyuma. Alikuwa anaipenda Snow White sana. Wiki ya kwanza nikanunua maepo, na epo mnajua si tunda la kununua kila siku, nikalimenya moja nikampa. Akaliangalia, akaniangalia, akaliweka chini. Nikadhani hapendi. Kesho yake nikampa tena vilevile. Siku ya tatu baba yake akamuuliza kwanini hali, akasema kwa sauti ndogo ataanza mama. Nikala kipande mimi, akakaa ananitazama muda mrefu kweli, ndo akala. Mtoto wa miaka saba alikuwa anasubiri aone kama nitaanguka.

Sikumlaumu, angejuaje? Huyo wa Snow White mama wa kambo, wa Cinderella mama wa kambo, na kila aliye mbaya ni mwanamke mtu mzima aliyejipaka rangi, ama mnene kama yule wa baharini, ama mwenye sauti nzito. Baba yuko wapi kwenye hizo hadithi? Wa Cinderella kafa mwanzoni kabisa, wa Snow White hata hatajwi. Mwanaume akiwa hayupo anasamehewa, mwanamke aliyebaki kulea ndo anageuzwa shetani. Ilinichukua karibu miaka miwili yule mtoto aniite mama bila kutazama chini, leo ana kumi na sita na ndo mwandani wangu. Ila ile miaka miwili naikumbuka.

Msomahadithi

Bi Mkwajuni shikamoo, na ahsante kwa kulisema hilo. Naomba nijibu hapo hapo kwako kwanza maana kuna kitu ungependa kukijua. Wale ndugu Grimm wa Ujerumani walipotoa kitabu chao mara ya kwanza mwaka 1812, aliyetaka kumuua Snow White alikuwa mama yake mzazi. Ndio, mzazi. Toleo la 1819 wakabadilisha, wakasema mzazi alikufa akaja wa kambo, maana mama mzazi kuwa na roho hiyo ilionekana haifai kwa familia za wakati ule. Kwahiyo ule ubaya ulihamishwa kwa kalamu tu, ukapewa mama wa kambo, na watu wa katuni wakaupokea hivyo hivyo mwaka 1937. Yule mtoto wako aliogopa epo kwa sababu ya uamuzi wa kwenye meza ya wahariri zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.

Na lile busu pia ni la muvi. Kwenye Grimm Snow White haamshwi na busu, waliobeba jeneza walijikwaa, likatikisika, kile kipande cha epo kikamtoka kooni akaamka. Basi. Mama_Wawili unaweza kumwambia binti yako hivyo, kwamba aliamka kwa sababu kipande kilimtoka kooni, na hapo nywele hazihusiki kabisa.

Sasa kwenye hili la kusema na kutosema, hujakosea wala hujazidisha. Kuna wanaisimu wawili wa Marekani, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, mwaka 2016 walitoa hesabu ya nani anaongea kiasi gani kwenye katuni za mabinti wafalme za Disney. Utashangaa, zile za zamani ndo zina nafuu, kwenye Cinderella ya 1950 wanawake wana asilimia kama 60 ya maneno, na hiyo Sleeping Beauty ya 1959 wanawake wana 71, japo ni wale vibibi na mchawi wanaoongea, mwenyewe kalala. Zikaja zile tulizoambiwa ni za kisasa. The Little Mermaid 1989 wanaume asilimia 68. Beauty and the Beast 1991 wanaume 71. Aladdin wanaume 90! Mtu atasema ile ya nguva ni kwa sababu kauza sauti yake, haya, na Mulan? Mulan hajauza chochote, kavaa nguo za jeshi kaokoa nchi nzima, na bado wanaume wana asilimia 77, lile joka lake dogo linaongea kuliko yeye.

Sababu yake ukikaa ukafikiria iko wazi, na ndo inayoniumiza mimi. Hebu hesabu walio pembeni kwenye ile ya nguva, kaa, samaki, ndege, baba, mwana mfalme, mzee anayemlea mwana mfalme, mpishi, wote wa kiume. Wa kike wenye cha kusema ni nguva mwenyewe, mchawi na yule mfanyakazi wa ndani. Dada zake wanaimba kidogo mwanzoni basi. Lakini kwenye hadithi yenyewe ya nguva, aliyoitunga Andersen wa Denmark mwaka 1837, kuna bibi! Bibi mzaa baba ndo aliyewalea wale nguva, ndo anayemwelezea mjukuu mambo ya nchi kavu na habari za roho isiyokufa. Na mwishoni dada zake wanakata nywele zao zote wanampa mchawi wapate kisu cha kumwokoa mdogo wao. Yani wanawake wanahangaika kumwokoa mwenzao. Muvi imemtoa bibi, imetoa nywele, imetoa kisu, ikabakiza binti mmoja peke yake katikati ya wanaume na mwanamke mmoja mbaya. Cinderella wa Grimm naye vilevile, gauni linatoka kwenye mti uliootea juu ya kaburi la mama yake, mama kafa lakini bado anamlinda mwanae. Kwenye katuni mti huo haupo.

Mimi nikiulizwa shida ni nini sisemi kuolewa, kuolewa ni heri. Shida ni kwamba binti hana shoga, hana shangazi, hana bibi, hana dada wa kuongea naye. Ni maisha gani hayo ya mwanamke? Sisi huku binti haolewi bila somo na mashangazi kujaa chumbani.

fundi_katuni

Habari zenu, mimi niko Nairobi na kazi yangu ni kuchora na kuhuisha katuni kwa kompyuta, matangazo zaidi na vipindi vya watoto kidogo. Naongeza tu kuhusu walioko nyuma ya meza maana picha haijichori.

Mwaka 1938, Snow White ikiwa bado mpya mpya, kuna msichana aliandika Disney kuomba nafasi ya kujifunza uchoraji wa katuni na akajibiwa kwa barua kwamba wanawake hawafanyi kazi yoyote ya ubunifu huko, hiyo ni ya vijana wa kiume, wasichana kazi yao ni kupitisha wino na kupaka rangi kufuata maelekezo. Hiyo barua ipo, imesomwa na watu wengi sana. Kwahiyo zile picha zote za Snow White zimepita kwenye mikono ya wanawake, moja moja, lakini la kumfanya aseme nini au afanye nini hawakuulizwa.

Mwanamke wa kwanza kuandika skripti ya katuni ndefu ya Disney ni Linda Woolverton, hiyo Beauty and the Beast ya 1991. Ameshasimulia mwenyewe, aliandika Belle, yule binti wa kwenye muvi, anachoma pini kwenye ramani sehemu anazotaka kwenda duniani, michoro ikarudi Belle yuko jikoni anapamba keki. Akagoma, ndo wakakubaliana awe anatembea huku anasoma kitabu. Nikiiona ile sini ya kitabu siku hizi naiona na ile keki nyuma yake.

Na Brave ya 2012, Brenda Chapman aliitoa kwenye maisha yake na binti yake, ni ya mama na mtoto, hakuna harusi. Akaondolewa kwenye uelekezi katikati ya kazi akawekwa mwanaume, japo Oscar ilipokuja 2013 wakapewa wote wawili. Mwaka huo huo kampuni ikatoa picha mpya ya Merida, yule binti wa kwenye Brave, kiuno kimekatwa, nywele zimelazwa, gauni limeshuka mabega, na upinde wake hauonekani. Watu zaidi ya laki mbili wakasaini kupinga, Chapman mwenyewe akasema wazi hakubaliani, ile picha ikaondolewa. Kwahiyo kelele zinasaidia. Hata 2018 yule Tiana, binti mfalme mweusi, kwenye muvi nyingine walimtokeza na pua nyembamba na ngozi iliyopauka, watu wakalalamika na akachorwa upya.

Mimi nikichora sura ya kike sasa hivi kitu cha kwanza napima kiuno na shingo, maana mkono ulishazoea kukosea. Nilijifunzia kwa hizo hizo sinema.

BabaMabinti

Nimerudi. Baada ya kusoma ya mwalimu na Bi Mkwajuni nilimpigia binti yangu wa pili, huyu mfanyabiashara, nikamuuliza tu kama utani, hivi mnakumbuka zile katuni zenu. Akanyamaza kidogo akaniambia baba mimi sikuwahi kuwa prinsesi hata siku moja. Nikamuuliza kivipi. Akasema dada mkubwa ndo mweupe kati yetu, kwahiyo kila tukicheza prinsesi ni yeye, mimi nilikuwa mchawi na mdogo wetu alikuwa panya. Miaka yote hiyo walicheza pale pale sebuleni kwangu, mimi nasoma gazeti.

Niliandika hapo juu kwamba hawakupata shida. Niliandika nisichokijua, Mama_Wawili naomba unisamehe kwa hilo. Nimemwambia binti yangu kwamba yeye ni mzuri, ana miaka ishirini na mitatu, akalia kwenye simu.

mwl_wa_awali

Kaka, Mungu akubariki kwa kupiga hiyo simu.

Mama_Wawili

Nawashukuru wote, sikutegemea. Bi Mkwajuni shikamoo dada yangu, ya kwako nimemsomea mume wangu kwa sauti na akazima taarifa ya habari akasikiliza mpaka mwisho.

Flashi sijafuta. Jumapili nikakaa nao wote wawili nikaiweka tena, ilipofika anapolala nikasimamisha, nikamuuliza binti, unadhani anaota nini saa hizi? Akasema hajui. Nikanyamaza. Mdogo wake anapiga kelele mama washa, nikamwambia ngoja dada anafikiria. Akaanza, anaota anatafuta viatu vyake, wamemlaza bila viatu, na joka ndo limevikalia, kwahiyo anazunguka kwa nyuma polepole, alafu yupo bibi anamwonyesha mlango. Nikamuuliza bibi gani, akasema bibi wa Korogwe, yani mama yangu mimi. Iliendelea hiyo ndoto karibu robo saa na joka halikuuawa, lilipewa maandazi.

La nywele nikamwambia kama alivyosema Msomahadithi, Snow White aliamka kwa sababu kipande kilimtoka kooni. Akauliza kwahiyo kama ningekuwepo mimi ningempiga mgongoni? Nikamwambia ndio hasa, ungempiga mgongoni.

Swali moja limebaki na labda fundi_katuni ataweza. Kwenye hizi zilizotafsiriwa dijei ni mwanaume mmoja anafanya sauti zote, ya mama, ya binti, ya mchawi, na akifika kwa binti anabana pua anaongea kama mtoto anayedeka, wanangu wanacheka kila akifungua mdomo. Kama kuna mtu anajua Brave au Moana ya Kiswahili iliyowekewa sauti na mwanamke aniambie inapatikana wapi, hata kwa kununua, niko Dar.